Maswali ya Wasomaji: Antena ya Setilaiti ya Kukata kwa Mkono

SWALI: Assalaam alaykum, Bwana Mhariri. Mimi ni fundi wa redio hapa Lamu. Wavuvi huniletea vipokezi vya GPS ambavyo antena zake zimeliwa na chumvi, na kwa kuwa antena mpya ni ghali, nimejikatia yangu kwenye ubao wa saketi wa fiberi: juu kipande cha shaba cha mraba chenye milimita 45 kila upande, chini shaba nzima. Kipokezi kinashika setilaiti, lakini kwa kuchelewa, na mashua ikipita Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari, ramani huionyesha imo ndani ya mikoko. Nimekosea wapi?
Msomaji, Langoni, Lamu

JIBU: Waalaykum salaam, fundi. Kipimo chako hakiko mbali na kilicho sahihi. GPS hutangaza kwenye megahezi 1,575.42, ambako wimbi moja lina urefu wa sentimita 19 hivi. Nusu yake ni milimita 95, na kwa kuwa fiberi hupunguza mwendo wa wimbi takriban mara mbili, ndipo ukaipata 45 yako.

Kosa liko kwenye pembe. Mraba kamili uliochomewa waya mahali pamoja hupokea wimbi linalotikisika kwa mstari mmoja tu, ilhali wimbi la setilaiti huja likizunguka kuelekea kulia, kwa hiyo nusu ya nguvu yake, ambayo tangu hapo ni hafifu mno, inakupotea. Hasara iliyo kubwa zaidi kwa mvuvi ni kwamba wimbi hilo likigonga maji, kwa sehemu kubwa hugeuka na kuzunguka kushoto. Antena iliyotengenezwa kwa mzunguko wa kulia hulikataa, lakini yako hulipokea sawa na lile lililotoka juu moja kwa moja, na kipokezi kikichanganya njia hizo mbili huhesabu umbali usio wa kweli.

Uweke ubao mbele yako, shaba ya mraba ikikutazama, na waya wa kati wa kebo upenye kutoka chini bila kugusa shaba ya chini, ujitokeze milimita 8 au 9 kutoka kitovu cha mraba kuelekea kwako. Kisha ukate pembe ya juu kulia na ya chini kushoto, kama milimita 5 kwa kila ukingo. Ukikata zile nyingine mbili, antena itausikia mwangwi wa maji kuliko setilaiti yenyewe. Mimi niliwahi kufanya hivyo, nikakilaumu kipokezi wiki nzima.

Fiberi nayo haiaminiki. Ubao wa duka hili na wa duka lile hutofautiana kiasi cha kuihamisha antena ikatoka kabisa kwenye masafa yake. Anza na milimita 46 na nusu, kisha upunguze kwa tupa kidogo kidogo, pande zote nne kwa usawa, huku ukiangalia ukurasa wa kipokezi unaoonyesha nguvu ya kila setilaiti: chini ya mbingu wazi, zilizo juu kichwani zinatakiwa zivuke 40. Usilinganishe namba za asubuhi na za jioni. Mpangilio wa setilaiti hurudi ulivyokuwa baada ya siku moja kasoro dakika 4 hivi, basi ukipima leo saa nne kamili, kesho pima saa tatu na dakika 56.

Kwa maoni yangu, hata ukifanya haya yote, ubao wa kawaida ni rahisi wa bei tu, kwa sababu nusu ya nguvu au zaidi huweza kuishia ndani ya fiberi kama joto. Bamba tupu la shaba, lililoinuliwa milimita 6 juu ya bamba jingine kwa vijiti vya plastiki, halina hasara hiyo. Litakuwa kubwa, karibu milimita 87, na pembe zake zitahitaji kukatwa zaidi, lakini kwenye mashua nafasi si tatizo. Lifunike kwa kopo la plastiki lisiloigusa shaba, ulifunge mahali ambapo tanga lililolowa maji ya bahari halitalifunika.

SWALI: Ndani ya kipokezi changu kibovu nimekuta kijiwe cheupe cha milimita 25. Je, naweza kukata fiberi ya ukubwa huohuo nikaiweka badala yake?
Msomaji, Malindi

JIBU: Hapana. Kijiwe hicho ndicho antena yenyewe, nacho ni cha seramiki, ambayo hupunguza mwendo wa wimbi kuliko fiberi, ndiyo maana kinatosha kikiwa kidogo hivyo. Fiberi ya milimita 25 itaitikia masafa ya juu mno, na haitaisikia GPS. Kama kijiwe hakijapasuka, safisha kutu kwenye sindano yake kwa spiriti na uichomee risasi upya kabla ya kununua chochote.