Kwa nini taa kali zaidi haileti omena zaidi ghubani?

Swali: Daktari, mimi huvua omena, dagaa wa Ziwa Victoria, usiku upande wa Asembo, ndani ya Ghuba ya Winam. Niliacha karabai nikanunua taa za LED zinazochajiwa kwa sola, kisha nikaongeza nyingine zenye mwanga maradufu, lakini mavuno yamebaki yale yale. Binamu yangu anayevua Usenge, nje ya ghuba, anasema zake zilimlipa mara moja. Je, omena wa huku hawaupendi mwanga huo? Na kwa nini mbalamwezi hutunyima samaki sote?

Jibu: Ndugu mvuvi, omena wenu ni wale wale wa Usenge, kinachotofautiana ni maji. Kila tabaka la maji humeza sehemu ile ile ya mwanga unaolifikia. Tuseme maji yenu hupunguza mwanga kwa nusu katika kila sentimita 30, jambo la kawaida mahali ambapo mito kama Nyando na Sondu-Miriu hushusha udongo na mwani nao umestawi. Nguvu yote uliyoiongeza kwa taa maradufu humezwa ndani ya sentimita 30 tu, hivi kwamba samaki aliyeiona taa ya zamani akiwa kwenye kina cha mita 3 ataiona mpya akiwa kwenye mita 3.3 hivi, na hapo gharama yako imeishia. Binamu yako, ikiwa maji yake hupunguza nusu kwa kila mita moja, anapata karibu mita nzima zaidi, tena pande zote za chelezo chake.

Rangi nayo ina neno. Nilianza kazi hii baharini, ambako maji safi humeza nyekundu kwanza na bluu ndiyo huzama mbali kuliko zote. Katika maji ya tope na mwani mambo hugeuka: bluu humezwa mapema, na rangi zinazoelekea manjano na nyekundu ndizo huendelea chini. Taa nyingi za LED zenye weupe mkali hubeba bluu nyingi, ilhali karabai ilikuwa na mwanga wa manjano. Kwa ghuba yenu ningechagua LED yenye mwanga wa manjano kabla ya kuongeza ukali wowote.

Mbalamwezi haina nguvu ya kutisha. Jua huupita mwezi mpevu kwa takriban mara 400,000. Hata hivyo taa huvuta kwa kuwa inatofautiana na giza linaloizunguka. Wadudu na viumbe vidogo vinavyoelea majini hukusanyika penye mwanga, na omena, ambao mchana hukaa karibu na sakafu ya ziwa na usiku hupanda juu, huja kula. Mwezi ukiangaza uso wote wa ziwa, taa haina tena giza la kushindana nalo, na vile viumbe vidogo navyo huelekea kubaki chini zaidi.

Uchafu huu wa maji unanisikitisha kwa sababu nyingine pia. Kuna fulu, samaki mdogo wa ziwa hili, aitwaye Pundamilia nyererei, aliyepewa jina la Mwalimu Nyerere, ambaye dume lake ni jekundu; jamaa yake wa karibu ana dume la bluu. Utafiti wa Ole Seehausen na wenzake upande wa Mwanza ulionyesha kwamba majike huchagua madume kwa rangi, na kwamba maji yakichafuka rangi hazitofautiki vizuri, na aina hizo huanza kuchanganyika. Samaki hupotea bila hata mmoja kuvuliwa.

Kabla ya kununua taa nyingine, pima maji yako. Chukua mfuniko wa debe la rangi, ugawe robo nne, uzipake nyeusi na nyeupe kwa kupokezana, ufunge jiwe chini na kamba yenye fundo kila sentimita 10. Padri Angelo Secchi wa Italia alifanya jaribio kama hili baharini mwaka 1865, na sisi tunalitumia hadi leo. Adhuhuri, upande wa kivuli wa mashua, ushushe hadi upotee machoni, uupandishe hadi uonekane tena, kisha uchukue wastani wa vina hivyo viwili. Ukipotea kabla ya mita moja, pesa ya taa kubwa itumie kwa petroli ya kukufikisha kwenye maji maangavu zaidi. Andika kipimo hicho kila wiki kando ya debe za omena ulizopata na umri wa mwezi usiku huo.