Jibu: Bansuri ya matundu sita inapataje noti zote?

Ndugu, umeuliza bansuri, filimbi ya mwanzi ya India isiyo na vitufe, inapata wapi noti za katikati. Siri iko vidoleni. Mpigaji hulifunika tundu nusu kwa nyama ya kidole, si kwa ncha, kisha anakiondoa taratibu, na sauti inateleza hadi noti ya pili bila kukatika. Mtelezo huo Wahindi huuita meend. Bila huo raga nyingi (mifumo ya melodi ya muziki wa Kihindi) hukosa ladha kabisa. Oktava ya juu huja kwa kukaza pumzi. Pannalal Ghosh (1911–1960) ndiye aliyeipandisha filimbi hii ya wachungaji kwenye jukwaa la muziki wa kiklasiki, kwa mwanzi mrefu wenye sauti nzito. Msikilize mpigaji bansuri Hariprasad Chaurasia kwenye alap, yaani utangulizi wa polepole usio na mdundo, kabla tabla (ngoma mbili za mkono) haijaingia. Mtelezo utausikia waziwazi.