Kipochi cha paka: toa zipu kichwani, ipeleke mgongoni

Dada uliyeuliza, nimeisoma shida yako mara mbili. Unataka kumshonea mwanao kipochi cha paka cha kuwekea hela ya shule, kichongeo na kifutio, umejaribu mara mbili, zipu umeiweka juu katikati ya masikio, cha kwanza pembe za zipu zimejikunja zikawa nundu huku na huku, cha pili masikio yamemezwa ndani ya mshono. Na cherehani yako ni ile ya miguu inayopiga mshono ulionyooka tu. Mi vipochi hivi nashona mwaka wa sita huu, hapahapa Dar, nilianza na mabaki ya vitenge niliyokuwa naomba kwa fundi jirani, na hizo shida zako zote mbili zimepita mikononi kwangu kwa hiyo ntaeleza kwa urefu, nivumilie.

Jambo kubwa ni hili, zipu haitakiwi kukaa kichwani. Ukiiweka juu unalazimisha vitu vitatu vigombanie sehemu moja, masikio, ncha za zipu na mshono wa pembeni, na kitambaa pale kinakuwa tabaka nane mpaka kumi, cherehani ya nyumbani inaweza kuruka mshono au kuvunja sindano. Ipeleke mgongoni, ipite kwa kulala kwenye kipande cha nyuma, juu kidogo ya katikati, kutoka upande hadi upande. Uso unabaki mzima, masikio yanabaki peke yao juu, na ncha za zipu zinaingia kwenye mshono wa kuzunguka zinapotea zenyewe, hakuna nundu.

Vitambaa sasa. Kitenge ndio kizuri zaidi kwa anayeanza, kimeshikana na hakitelezi, ila kifue kwanza maana kipya kina wanga na kinapungua kikifuliwa, na vingine vinachuja rangi. Fua, kausha, piga pasi ndio ukate. Nyuma ya kitenge bandika kwa pasi kile kitambaa cha gundi wanachokazia kola za mashati, Kariakoo kwenye maduka ya vifaa vya mafundi unakatiwa hata nusu mita. Usiache hiki hata kama bajeti imebana, bila hicho paka anakuwa amelegea kama soksi. Bitana, yaani kitambaa cha ndani, weka pamba yoyote nyepesi.

Zipu chukua ya nailoni, namba 3, urefu sentimita 20. Zile za kuuzwa kwa mita nazo sawa ukijua kuvalisha kichwa chake, kile unachovuta kufungua na kufunga. Ya chuma hapana kabisa kwa kazi hii, kwa sababu hapa utashona juu ya meno ya zipu na utayakata kwa mkasi, nailoni inakubali, chuma kinakula sindano. Sindano namba 14, mshono wa milimita 2.5 hivi.

Uso chora kwa kuzungusha kisosi cha kikombe cha chai, changu kina sentimita 14, hapo akiba ya mshono (nafasi kati ya mshono na ukingo) imo ndani. Kata viwili, cha kitenge na cha bitana. Mgongo unakata vipande viwili, cha juu 18 kwa 6 na cha chini 18 kwa 12, kila kimoja cha kitenge na cha bitana. Najua 18 ni kubwa kuliko kisosi, acha hivohivo, sababu inakuja.

Anza na uso, na umalize uso kabisa kabla hujagusa zipu. Watu wengi wanashona kipochi kikiisha ndio wanahangaika kupachika macho, mkono unaingia kwa shida, unashona mbele unashika na nyuma. Uso ukiwa bado kitambaa bapa mezani unafanya utakavyo. Macho ya kipochi cha mtoto mdogo usiweke vifungo tafadhali, hasa kama nyumbani kuna aliye chini ya miaka mitatu, kifungo kikichomoka kinaenda mdomoni moja kwa moja. Darizi kwa uzi mnene mweusi, au kata viduara vya kitambaa kilichobandikwa gundi nyuma ushone kuzunguka. Na yaweke chini kuliko unavyodhani. Mi nakunja duara kwa nusu, napiga pasi kidogo kupata mstari wa katikati, macho yanakaa chini ya mstari huo na yameachana kwa upana wa vidole vitatu, pua iko hapo karibu katikati yao. Yakipanda juu na kusogeleana paka anaonekana mzee mwenye hasira, yakishuka na kuachana anakuwa mtoto. Kuyasogeza kidogo tu kunabadilisha sura yote, kwa hiyo yapange kwanza kwa pini, simama mbali uangalie, ndio ushone.

Masikio ni pembetatu, kitako sentimita 5 na kimo 5, vipande viwili kila sikio, bitana ya rangi kwa mbele ikipendeza. Shona pande mbili, kata ile ncha ya juu karibu na mshono bila kugusa uzi, geuza, sukuma ncha kwa kijiti cha mshikaki upande usiochongoka. Halafu fikiria uso ni saa ya ukutani, sikio moja kitako kikae palipoandikwa 11, jingine palipoandikwa 1 (namba zilizoandikwa, sio saa tunazosoma). Na hapa ndipo masikio yako yalipopotelea dada: sikio linalazwa likiwa limeangalia NDANI, ncha inaelekea puani, kitako ndio kinalingana na ukingo wa duara. Linaonekana limekosewa ila ukigeuza linasimama. Kitako kitokeze nje ya ukingo milimita 2 au 3 uwe na uhakika mshono umelikamata, kisha lishikize kwa mshono wa mkono, pini peke yake inateleza. Chini ya uso weka bitana yake, zishone pamoja pembezoni kabisa, uso umeisha.

Zipu. Laza kitenge cha juu uso ukiangalia juu, zipu juu yake ikiangalia chini, bitana juu yake, vyote vitatu vilingane ukingo mmoja mrefu, zipu inakuwa kama nyama kwenye sambusa. Shona kwa mguu wa zipu, ule mwembamba wa upande mmoja, unauzwa bei ya kawaida tu na unaingia kwenye cherehani nyingi za miguu. Ukifika karibu na kichwa cha zipu usikikwepe kwa kupinda mshono, hapo ndipo zipu inapopinda. Simamisha cherehani sindano ikiwa imezama, nyanyua huo mguu wa zipu, sogeza kichwa kirudi nyuma ulikotoka, ushushe uendelee. Fungua vitambaa, piga pasi (pasi isikanyage meno, nailoni inayeyuka), kisha pitisha mshono mwingine juu karibu na meno ili bitana isije ikaliwa na zipu. Rudia upande wa pili kwa kile kipande cha chini. Umepata mgongo mkubwa kuliko uso, na ndio faida ya ule upana wa 18, zipu ikihama kidogo huku au kule haikuumizi.

Sasa tulia. Vuta kichwa cha zipu mpaka KATIKATI. Mi cha kwanza changu nilikata pembeni kichwa kikiwa mwishoni, kikabaki kwenye kipande kilichoanguka chini, na kingine nikazungusha mshono wote zipu ikiwa imefungwa, nikakosa pa kugeuzia, nikafumua jioni nzima kwa wembe mpaka kitenge kikatoboka. Kwa hiyo kichwa kiwe katikati, halafu upande ule ulioachana shikiza meno mawili pamoja kwa uzi wa mkono karibu na pale mshono utakapopita, yasipanuke.

Laza uso juu ya mgongo, nzuri kwa nzuri (pande za nje zikitazamana), masikio yako ndani. Pini nyingi. Zunguka duara lote akiba milimita 7, usiache nafasi ya kugeuzia maana zipu yenyewe ndio mlango. Kwenye masikio na kwenye zipu zungusha gurudumu kwa mkono, usikanyage, na pale kwenye meno rudi nyuma na mbele mara tatu. Kisha ndio ukate mgongo uliozidi kufuata uso, na kila kitu kipunguze kibaki nusu sentimita.

Cherehani yako haina zigzagi (mshono wa pembe pembe unaozuia ukingo kufumuka), hilo lisikuumize. Kata utepe wa kitenge wa sentimita 3 kwa mshazari, nasisitiza mshazari, ukikata wima hautapinda na duara utakunjana. Zungushia ule ukingo wa ndani ushone. Mi hata nikiwa na hela ya kumlipa mtu wa ovaloku (cherehani ya kufunga kingo) bado naweka utepe, maana mtoto anaingiza vidole humo kila siku na nyuzi zinazoning'inia ndizo zinazonasa kwenye zipu. Geuza kupitia zipu, vuta masikio taratibu, piga pasi kuzunguka.

Zipu ikiwa ngumu sugulia mshumaa au sabuni kavu kwenye meno, fungua funga mara kumi, italainika.

Ukishaweza paka umeweza wengi, mwili ni uleule. Ninayempenda mimi ni kanga, ndege namaanisha. Natumia kipande cha kanga yenye madoa meupe kwenye nyeusi au buluu iliyoiva, na wanaosimulia asili ya jina la hiyo nguo si wanasema limetokana na madoa ya huyo ndege, basi nguo inarudi kwa mwenyewe. Masikio hana, badala yake kwenye namba 12 unaingiza kipembe kidogo cha kahawia, na mdomo na vile vinyama vyekundu vya shavuni unadarizi. Kanga ni nyepesi kuliko kitenge, gundi bandika mara mbili. Na kama ni kanga iliyochakaa ya mtu wa nyumbani, lile jina, yale maandishi ya karibu na pindo, usilitupe. Sentensi yote haiingii kwenye sentimita 14, ila neno moja linaingia, likate uliweke kwenye bitana ya uso upande wa ndani. Nilimshonea binti yangu hivyo kutoka kanga ya bibi yake, neno lililopatikana ni "mama", akifungua zipu ndilo la kwanza analoliona kabla ya hela.

Kumbuka penseli nzima haiingii humu, akitaka cha penseli, duara acha, fanya mamba mrefu wa sentimita 23.

Na mwisho kwa huyo paka wako, zipu iko mgongoni si ndio, basi shona kitepe chembamba cha kitenge hichohicho, urefu wa kidole tu usije ukanasa mahali, kipitishe kwenye tundu la kichwa cha zipu ukifunge fundo. Huo ndio mkia. Mtoto anavuta mkia, paka anafunguka.