Jibu: Mfumo unawatoa walimu nje kabla alama hazijahifadhiwa

Waalaykum salaam ndugu yangu. Nimekuelewa hivi: mfumo wa alama wa skuli, umeandikwa kwa lugha ya PHP na unakaa kwenye hostingi ya pamoja, yaani seva moja yenye tovuti za watu wengi. Ofisini Mjini unakwenda vizuri, lakini walimu wa Wete wanaotumia bando la simu wakibonyeza "Hifadhi" wanarudishwa kwenye ukurasa wa kuingia na kila walichoandika kimepotea. Umeshapandisha session.gc_maxlifetime (sekunde ambazo seva inamkumbuka mtu aliyeingia) hadi 86400, yaani siku nzima, na hali ni ileile.

Kwanza nawapa pole hao walimu. Mtu aingize alama za darasa zima moja moja, halafu zipotee zote! Akirudi kwenye daftari lake mwezi ujao, ana haki.

Usiongeze muda tena, yakhe. Sesheni, yaani kumbukumbu kwamba mtu ameshaingia, ina pande mbili: simu inabeba kuki ya PHPSESSID (kitambulisho ilichopewa na seva), na seva ina faili linaloanza na sess_ likifuatiwa na herufi zile zile za kuki. Mtumiaji akitolewa, ama simu haikuleta kuki, ama seva haina tena lile faili, ama vyote viwili vipo na msimbo wako wenyewe ndio unaomkataa. Kabla hujajua ni ipi, chochote utakachobadilisha ni kubahatisha.

Kwenye kompyuta ungebonyeza F12 ukaona kila kitu. Mwalimu wa Wete yuko kwenye simu, kwa hiyo logi (daftari la matukio) iandike wewe upande wa seva. Kabla ya session_start(), amri inayofungua sesheni, rekodi saa, anwani ya IP, na herufi sita za mwanzo za kuki iliyokuja. Usirekodi herufi zote, maana atakayeziona anaweza kuingia kwa jina la mwalimu. Baada ya session_start() ongeza kama $_SESSION (yaliyomo ndani ya sesheni) ina mtumiaji au ni tupu. Acha ikusanye siku mbili tatu, kisha tafuta mistari iliyo tupu na usome iliyotangulia.

Kwa nini nasema hivi: hoteli moja ndogo Jambiani walikuwa na shida kama yako. Wapokezi wanatolewa katikati ya kuandikisha mgeni, na mtandao ukiyumba ndiyo inazidi. Logi ilionesha simu inaleta kuki ya zamani kwa sesheni ambayo seva ilishaifuta muda mfupi kabla. Nilipofungua msimbo nikakuta session_regenerate_id(true) imewekwa katika kila ukurasa. Aliyeiweka alikusudia kuzuia wizi wa sesheni, na nia hiyo ni nzuri. Lakini fuatilia kinachotokea: seva inatoa kitambulisho kipya, inafuta cha zamani papo hapo, inatuma jibu. Mtandao unakatika, jibu halifiki. Simu haijui kama kuna kuki mpya, inarudi na ile ya zamani, na seva haiitambui. Kwenye mtandao imara hili huwezi kuliona hata ukijaribu mchana kutwa, ndiyo maana ofisini Mjini mambo ni shwari. Hata mwongozo wa PHP unatahadharisha kuhusu mitandao isiyo imara.

Dawa yake: badilisha kitambulisho mtu anapoingia na anapopewa mamlaka zaidi, basi. Na usiiue sesheni ya zamani hapo hapo. Itie alama ya muda, iishi dakika chache, ndipo ife.

Pia angalia kama msimbo unalinganisha anwani ya IP ya sasa na ile ya wakati wa kuingia. Simu ikitoka Wi-Fi kwenda kwenye bando, au mtandao ukikatika na kujiunga upya, anwani inaweza kubadilika na mwalimu ataonekana mwizi. Mimi huo ulinganisho nauondoa. Nategemea HTTPS (mawasiliano yaliyofichwa), na kuki yenye alama za ulinzi za Secure, HttpOnly na SameSite=Lax.

Sasa hiyo 86400 yako. Thamani ya kawaida ni 1440, yaani dakika 24, na huhesabiwa tangu seva ilipofikiwa mara ya mwisho. Mwalimu anayeandika alama nusu saa bila kubonyeza kitu, kwa seva hayupo. Na kama umeiweka kwa ini_set() ndani ya msimbo huku mafaili ya sesheni yakikaa kwenye folda moja na tovuti za wengine, tovuti yenye muda mfupi kuliko zote ndiyo itakayofagia, na itafagia na yako. Kwenye seva za Debian na Ubuntu kuna kazi ya cron (inayojiendesha kwa ratiba) inayofagia kila nusu saa kwa kusoma php.ini, faili la mipangilio ya PHP; ini_set() yako haiioni kabisa. Weka session.save_path (mahali mafaili ya sesheni yanapokaa) kwenye folda yako mwenyewe, nje ya ile inayofunguka kwa wavuti. Huko kwenye Ubuntu gc_probability (uwezekano wa PHP kufagia yenyewe) ni 0, kwa hiyo kufagia folda hiyo kutakuwa juu yako.

Hata hivyo usiupandishe muda hadi wiki nzima. Kompyuta ya ofisi ya walimu inatumiwa na wengi, na mwanafunzi akikaa kwenye kiti kilichoachwa wazi atajipangia alama anazotaka.

Muhimu kuliko yote hayo kwangu ni alama zenyewe. Kila mwalimu anapojaza kisanduku, weka nakala kwenye localStorage, hifadhi iliyo ndani ya kivinjari, na uifute seva ikithibitisha imepokea. Ukitegemea ukurasa upige hodi kwa seva kila dakika tano ili sesheni isife, kumbuka simu ikizima kioo hodi hiyo nayo inaweza kusimama. Na sesheni ikiisha, "Hifadhi" isimtupe mtu kwenye ukurasa mwingine. Seva irudishe 401 (jibu la "hujaingia"), dirisha dogo la paswedi lifunguke hapo hapo juu ya fomu, akishaingia alama zitumwe tena.

Bandika hapa mistari michache ya logi ya Wete, hasa ule ulio tupu na miwili iliyo kabla yake, majina ya walimu ukiyafuta. Nitaipitia usiku baada ya Isha.