Maswali yenu kuhusu watafiti wa sauti: ulimi, mkaa na fomu ya ridhaa

Niliandika hapa kwamba watafiti wa fonetiki wanatafuta wasemaji wa Kimakonde, Kimwera, Kiyao na Kimakua, na tangu hapo maswali hayajakatika. Fonetiki ni elimu ya sauti za lugha: zinavyotengenezwa kooni na mdomoni, zinavyosafiri hewani, zinavyopokelewa sikioni. Wanaowaita ninyi wanachunguza hatua ile ya kwanza. Maswali yaliyofanana nimeyaunganisha, na majina ya waulizaji nimeyaacha.

Shikamoo mwalimu. Wanataka kunipaka jeli chini ya kidevu na kuniwekea kile kifaa cha wajawazito. Hakina mionzi? Halafu mimi navaa ushungi. (Shangani, Mtwara)

Marahaba mama. Hakina mionzi. Altrasaundi si eksirei. Inatumia mawimbi ya sauti yaliyo juu mno kwa sikio la binadamu. Mawimbi hayo yanapanda kutoka kidevuni, yanapita kwenye nyama ya ulimi, na yakigonga hewa iliyo juu yake yanarudi. Kwenye skrini utaona mstari mweupe unapandashuka. Huo ndio mgongo wa ulimi wako ukiwa kazini, na nakwambia, watu wazima kabisa husahau kusoma maneno waliyopewa kwa kuushangaa.

Kaakaa halionekani, maana mawimbi yameishia kwenye hewa. Ndiyo sababu watakuomba umeze funda la maji: maji yakijaa mdomoni, mawimbi yanavuka hadi juu na kaakaa linajichora kwa muda mfupi. Usidhani wanakukirimu tu. Ncha ya ulimi nayo mara nyingi hupotea kwenye kivuli cha mfupa wa taya. Unaweza pia kuvishwa kitu kama kofia ngumu ili kifaa kisiteleze unapoongea. Inabana kidogo, na ikiuma sema.

Kuhusu ushungi, unalegezwa chini ya kidevu tu. Una haki ya kuomba mwanamke akuhudumie, na uombe siku ile wanapokupangia muda, usingoje mpaka umeshakaa kitini. Wenye ndevu nyingi wao wana shida nyingine: ndevu hushika hewa na picha inaharibika.

Kwa nini nirudie sentensi moja zaidi ya mara ishirini, "Sema hivi tena, sema vile tena"? Nilihisi wananichezea. (Newala)

Hawakuchezei. Hakuna mtu anayetamka neno mara mbili sawasawa. Pumzi inapungua, ulimi unachoka, mawazo yanahamia kwenye mikorosho. Mara moja haitoshi kumwonyesha mtafiti kipi ni tabia ya lugha na kipi ni bahati ya siku ile.

Sentensi yenyewe ina sababu kubwa zaidi, hasa kwa ninyi wa Kimakonde. Katika Kimakonde, irabu ya silabi ya pili kutoka mwisho hurefuka neno linapokuwa mwishoni mwa kirai. Neno hilohilo ukilitumbukiza katikati ya sentensi, urefu ule unaweza kupungua au kutoweka. Sasa mtafiti akikuambia ulitaje neno peke yake, atapima urefu ulioletwa na mahali liliposimama, aandike kwamba ni urefu wa neno. Kwa hiyo kila neno linawekwa nafasi ileile ndani ya sentensi ileile, ndipo yalinganishwe. Na yanachanganywa mpangilio kwa sababu mtu akisoma orodha huanza kuimba, na neno la mwisho analishusha sauti kama anayefunga hesabu.

Ukichoka omba maji na mapumziko. Sauti iliyochoka haiwafai hata wao.

Shuleni nilichekwa kwa kuchanganya r na l. Nikienda maabara nijitahidi kuongea Kiswahili cha redioni? (Nachingwea)

Hapana, kijana wangu. Ukienda na sauti ya redioni utakuwa umewapotezea muda, na wewe umejipotezea. Wanachotaka ni jinsi unavyosema ukiwa nyumbani na mama yako. Lugha nyingi za Kibantu hazitofautishi maana kwa r na l, kwa hiyo mtu aliyekua na lugha ya namna hiyo huzisikia kama sauti moja yenye sura mbili. Hilo ni jambo la kupimwa, halina cha kuchekesha.

Padri mmoja Mfaransa, Rousselot, anayehesabiwa miongoni mwa waasisi wa fonetiki ya maabara, alichapisha mwaka 1891 utafiti juu ya lahaja ya kijiji cha familia yake, Cellefrouin, na wasemaji aliowachunguza walikuwa watu wa familia yake mwenyewe. Taaluma yote hii imeanza na matamshi ya ndugu wa shamba.

Hapo pia nijibu wale wanaolalamika kwamba hawakuambiwa mapema ni sauti gani inachunguzwa. Ukiambiwa "tunaangalia r yako", kuanzia dakika hiyo r yako haitakuwa yako tena. Mtafiti mwaminifu atakueleza baada ya kumaliza. Hatari yoyote iliyopo, hiyo lazima aiseme kabla.

Bibi yangu alivaa ndonya, tundu la mdomo wa juu lipo mpaka leo, na meno ya mbele yameisha. Watamkubali? (Tandahimba)

Wengi watafurahi kumpata, kwa sababu wazee ndio wanaokumbuka matamshi ambayo wajukuu wameyaacha. Ila wataandika hali ya mdomo wake, na wana haki. Sauti p, b na m zinahitaji midomo miwili ifunge. F na v zinahitaji meno ya juu yaguse mdomo wa chini. Meno yakitoka, f haifi, lakini inatengenezwa kwa njia nyingine. Mwaka 2019 jarida la Science lilichapisha hoja kwamba sauti za aina ya f na v zilienea duniani baada ya binadamu kuanza kula vyakula laini vya kilimo, kwa kuwa mpangilio wa meno ya watu wazima ulibadilika. Si wote waliokubali, mimi mwenyewe naisoma kwa tahadhari. Lakini inaonyesha meno si habari ndogo.

Bibi asipigwe picha ya mdomo bila ridhaa yake tofauti na ile ya kurekodiwa sauti. Hapo msimame imara.

Rafiki yangu alipakwa mkaa ulimini! Na mimi nikavishwa kinyago puani na mdomoni. Vyote ni vya nini? (Masasi)

Mkaa ni njia ya zamani na bado nzuri. Unga wa mkaa safi, si wa jikoni, unachanganywa na mafuta ya zeituni na kupakwa ulimini. Unatamka neno moja, kisha kioo kidogo kinaingizwa mdomoni na kaakaa linapigwa picha: penye weusi ndipo ulimi ulipogusa. Neno liwe na konsonanti moja tu ya ulimi, mfano "tupu", la sivyo alama zinapandiana. Wenye kichefuchefu cha haraka waseme mapema, na aliyefunga aombe siku nyingine.

Kinyago kinapima hewa inayotoka. Kimakua kina jozi za sauti zinazotofautiana kwa kishindo cha pumzi tu, p yenye pumzi na p isiyo nayo, na sikio la mgeni hulikosa hilo. Kinyago hakikosi.

Mpwa wangu anasoma Ujerumani, anasema watamgundishia nyaya ulimini. Salama? (Mikindani)

Ni vihisio vidogo vinavyoshikizwa kwa gundi ya matumizi ya meno, na mtambo wa sumaku dhaifu unafuatilia vinakokwenda. Vikitolewa basi. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo asishiriki. Dakika za mwanzo atasema kama mwenye pipi mdomoni, kisha atazoea.

Wanalipa? Na sauti yangu inabaki ya nani? (Lindi mjini)

Kwa kawaida unarudishiwa nauli na kufidiwa muda. Usitegemee bei ya mauzo, na mwogope anayekuahidi fedha nyingi bila karatasi.

Mtafiti wa kigeni lazima awe na kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, na barua yake ipite mkoani na wilayani hadi kwa mtendaji wenu. Mwanafunzi wa hapa nchini aje na barua ya chuo chake. Kisha soma fomu ya ridhaa, au usomewe, kwa lugha unayoielewa. Sauti inayoweza kukutambulisha ni taarifa binafsi, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Uliza nani atasikiliza, itahifadhiwa wapi, na kama itatumika kuifundisha kompyuta kuongea. Kila moja liwe na kisanduku chake cha ndiyo au hapana. Unaweza kujitoa katikati bila kutoa sababu. Matokeo yakishachapishwa, kuyarudisha nyuma ni vigumu, kwa hiyo uliza pia mwisho wa kujitoa ni lini.

Mwanangu ana miaka sita, "saa" anaita "thaa". Nimpeleke kwenye utafiti atibiwe? (Kilwa Masoko)

Utafiti hautibu, mama. Unaweza kumshirikisha kwa ridhaa yako na yeye mwenyewe akikubali, lakini usimpeleke kwa matumaini hayo. Mpeleke hospitali kwanza apimwe masikio, kisha uulize rufaa ya mtaalamu wa matamshi.