Jibu: RNA isiyotengeneza protini inasambazaje saratani ya utumbo mpana?
Mkuu, umeuliza RNA isiyotengeneza protini inawezaje kuisaidia saratani ya utumbo mpana kufika kwenye ini. RNA ni nakala inayotolewa kwenye jeni, na hii isiyotengeneza protini husaidia kuamua jeni ipi ifanye kazi na ipi inyamaze. Chukua miR-21, kipande kifupi cha RNA chenye herufi za kijenetiki kama 22. Hujishika kwenye ujumbe wa jeni ya PDCD4, ambayo kwa kawaida huzuia seli kuvamia tishu jirani. Ujumbe ukizimwa, breki imekatika. Familia ya miR-200 ni kinyume: huzibana ZEB1 na ZEB2, jeni zinazosukuma seli kuachana, na familia hiyo ikipungua, seli hulegeza mshikamano na kuanza kuhama. Kwa hiyo si kila RNA ya aina hii ni adui. Hapo wengi huchanganya.

RNA ndefu za aina hii nazo zimo. HOTAIR hushirikiana na kundi la protini liitwalo PRC2 kunyamazisha jeni, na imeonekana kwa wingi kwenye uvimbe wa wagonjwa ambao saratani imeshafika ini. Ini hushambuliwa sana kwa sababu damu ya utumboni hupita huko kwanza.

Hospitalini usitarajie kitu bado: hakuna dawa iliyoidhinishwa kwa saratani hii inayolenga RNA hizi.