Kuhusu betri ya moyo ya mama: kaka yako ana hoja, ila asimzuie

Pole kwa kuuguza, dada. Umesema daktari ameshauri mama awekewe kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo, ila kaka anapinga: kinaongea na kompyuta, kwa hiyo wadukuzi watauzima moyo wake.

Kaka hajaota. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilishauri wenye aina kadhaa za vifaa hivi vya kampuni ya Abbott, takriban 465,000, waongee na daktari wao kuhusu kuwekewa programu mpya kliniki, maana mawasiliano yake yalikuwa na upenyo. Kazi yenyewe dakika tatu hivi, bila kisu, na hapakuwa na taarifa ya mgonjwa aliyedhuriwa. Dick Cheney alizimiwa kabisa mawasiliano ya kifaa chake cha moyo, lakini yule alikuwa makamu wa rais wa Marekani. Mama yetu, kwa heshima zote, nani amwinde?

Upande wa pili, Arne Larsson wa Sweden, wa kwanza kupandikizwa kifaa hiki mwaka 1958, alifariki 2001 akiwa na miaka 86.

Mimi ningeuliza ya karibu zaidi: betri itadumu miaka mingapi? Nani atakuwa anakipima, na wapi? Kubadilisha ni bei gani? Kinaruhusu kipimo cha MRI, kile cha kupiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku?

Baba yangu mdogo anacho. Kadi ya utambulisho wa kifaa kaizungushia nailoni, haitoki kwenye pochi. Ugomvi wetu ni simu tu: kila siku anaisahau kwenye mfuko wa shati, juu ya kifaa, wakati inatakiwa ikae mbali kama sentimita 15.